Magoti, karanga za stendi na hadithi iliyokosa ukurasa

Mwezi wa tano 2024 mi na binti yangu tulilala ndani ya basi pale Somanga. Tulitoka Mtwara alfajiri tunaenda Dar, Kimbunga Hidaya kilikuwa kimeshapiga mwambao na sisi tukajidanganya kwamba kimepita kimeisha, kumbe maji yalikuwa yameshaondoka na barabara. Mbele foleni ya malori na mabasi, nyuma foleni, kondakta anasema "subirini kidogo" kwa sauti ya mtu ambaye naye hajui chochote. Chaji imeisha, bando limeisha, mihogo ya kukaanga niliyonunua Nangurukuru imeisha. Mtoto ana miaka tisa, akaniambia baba nipe hadithi, ila isiwe ya sungura.

Nikasema sawa. Palikuwa na watoto wanaishi chini ya bahari, na huko kwao mvua haikatiki, usiku mvua mchana mvua, jua linatoka mara moja tu baada ya...

"Baba, chini ya bahari mvua inanyeshaje?"

Hapo nikanyamaza. Hii hadithi iko kichwani kwangu zaidi ya miaka ishirini na tano na sijawahi hata siku moja kujiuliza hilo swali. Nikasonga nayo hivyo hivyo, kwamba darasani kuna msichana mmoja wenzake hawampendi, siku ambayo jua linatoka wanamfungia stoo, wanaenda kucheza wanamsahau kabisa, jua linapotea, mvua inarudi, ndo wanamkumbuka.

"Halafu?"

Halafu wanaenda kumfungulia.

"Halafu?"

Anatoka.

"Anasemaje?"

Alisema kitu. Nilikuwa na uhakika kama ninavyolijua jina langu kwamba yule mtoto alivyotoka alisema kitu, maneno machache tu, mazito, yale ambayo ukiyasikia unajikunyata. Lakini nikitafuta ni maneno gani sipati, nasikia mlio tu wa kama yanakuja. Nikamwambia lala, kesho safari ndefu, utadhani kesho kulikuwa na safari.

Sasa niwaambie hiyo hadithi niliipataje, maana sikuisoma kwenye kitabu. Niliinunua pamoja na karanga.

Ilikuwa 1998, mvua za El Nino. Wa Kusini mnakumbuka. Daraja la Mkapa pale Rufiji lilikuwa bado, lilikuja kufunguliwa 2003, mto mnavuka kwa pantoni, na barabara kutoka Kibiti mpaka Lindi ni tope tupu, kwa hiyo mvua ikichachamaa Mtwara inageuka kisiwa. Basi limetoka Dar, litafika lini anajua Mungu. Sukari inapanda, mafuta ya taa yanapanda, na magazeti hayafiki, na magazeti yasipofika wauza karanga hawana karatasi za kufungia.

Mzee aliyekuwa anauza karanga pale stendi akaja na furushi la vitabu vya Kiingereza vya zamani, vya shule, sijui alivitoa wapi, vimeliwa na mchwa pembeni. Anachana ukurasa, anausokota kama pembe, anatia karanga, shilingi ishirini. Mi na jamaa yangu mmoja wa Majengo tulikuwa tunauza ming'oko ya kuchemsha ya mama yake, ile mizizi ya porini inayoliwa kama viazi, hapo hapo stendi, tukimaliza tunanunua karanga moja tunagawana, na karatasi anachukua kaka yangu.

Kaka alikuwa amemaliza fomu foo, kazi hana, akawa anasoma chochote chenye maandishi mpaka maelezo ya dawa ya mbu. Siku hiyo akailainisha karatasi juu ya paja, imelowa mafuta ya karanga mpaka maandishi ya upande wa pili yanaonekana, akasoma kimya kimya, tukaona uso unabadilika. Tukamwambia tusomee na sisi. Akatusomea kwa Kiswahili, anatafsiri huku anasitasita, na ukurasa ukakatikia pale watoto wamemzunguka yule msichana wanamsukuma kwenye korido.

Basi ikawa ugonjwa. Tukaanza kununua karanga kutafuta ukurasa unaofuata. Piga hesabu ya hiyo biashara, watoto wawili wanauza ming'oko juani ili wanunue karanga ambazo hata hawazitaki (mvuani, sio juani, nisidanganye). Tukawa tunamwomba mzee atuchagulie karatasi, anakasirika, "nyie mnakula karanga au mnakula karatasi?" Tulipata mfano wa barua ya kuomba kazi. Tulipata shairi. Tulipata chura amepasuliwa tumbo na mishale ya majina pembeni. Za hadithi yetu tulipata nne, tena kwa mpangilio wa ovyo, ya katikati ilitangulia, ya kwanza kabisa hatukuwahi kuiona, na ya mwisho tuliyonayo ilikatikia pale mvua imerudi na mmoja anashtuka kwamba wamemfungia mwenzao. Kwisha. Barabara ikafunguka, magazeti yakarudi, mzee akaachana na vitabu.

Hiyo ya karanga inanichekesha mpaka leo, kwa sababu Mtwara yenyewe ni mtoto wa karanga. Baada ya vita kuu ya pili Waingereza walikosa mafuta ya kupikia kwao, wakaja na ule mradi wao wa karanga 1947, wakafyeka mapori Kongwa, Urambo na huku kwetu Nachingwea, wakajenga na reli ya kuzileta pwani na bandari ya kina kirefu Mtwara ya kuzipakia. 1951 mradi ulikuwa umeshakufa, umekula mamilioni ya pauni, karanga za maana hakuna. Reli ikaja kung'olewa. Bandari ikabaki, na kuna kata mpaka leo inaitwa Reli na reli yenyewe haipo. Mi naona hiyo hadithi ndo gawio langu kutoka kwenye ule mradi.

Haya. Tulivyofika Dar hatimaye, nikaweka bando nikaanza kuitafuta, na kosa la kwanza nililofanya ni kuitafuta kwa Kiswahili. Kitu kingine nilichokuwa nakumbuka ni kwamba mambo yote yanatokea "kwa Zuhura". Kaka alikuwa akisema Zuhura hivi, Zuhura vile, na mi kwa akili za utoto nikajua Zuhura ni mama mwenye nyumba, kwamba hiyo mvua inanyesha nyumbani kwa Zuhura. Ingia Google uandike Zuhura mvua watoto hadithi uone. Nilipata taarabu. Nilipata kina dada kibao wanaoitwa Zuhura, wazuri tu, hakuna mwenye hadithi.

Nikahamia Kiingereza, watoto wanaishi chini ya bahari, siku saba mvua, siku ya nane jua. Nikaletewa katuni za samaki. Nikaona nitumie akili bandia, nikaiuliza programu moja hivi ambayo kila mtu anaisifia, ikanijibu kwa kujiamini kabisa, jina la hadithi hili hapa, mwandishi huyu hapa, mwaka huu hapa, nikashinda siku mbili nakitafuta hicho kitu, hakipo, hakuna binadamu aliyewahi kukiandika. Nilivyoirudia ikaomba radhi vizuri sana halafu ikanipa kingine ambacho nacho hakipo. Mzee wa stendi angalau alikuwa anakupa karatasi.

Niliporudi Mtwara nikaenda maktaba ya mkoa. Kuna mama pale mstaarabu sana akaniuliza jina la kitabu, nikasema sina. Mwandishi? Sina. Jalada lake rangi gani? Jalada sijawahi kuliona. Akavua miwani akaniangalia, "sasa baba wewe una nini?" Nikaona aibu kumwambia nina karanga. Alinipeleka hata hivyo kwenye kabati la vitabu vya fasihi ya Kiingereza, nikakaa pale mpaka saa za kufunga nafunua kimoja kimoja, na kitu pekee nilichoambulia ni kile kikohozi cha vumbi.

Mwezi mzima ukapita hivyo. Ndo nikampigia jamaa yangu, yule wa ming'oko, siku hizi yuko Masasi ana duka la vipuri vya pikipiki, tulikuwa hatujaongea mwaka. Salamu, watoto hawajambo, korosho vipi, halafu nikamuuliza unaikumbuka ile hadithi ya karatasi za karanga?

Akacheka. "Si ya yule Magoti?"

Wee. Nilisimama.

Kwa kweli neno magoti nilikuwa nalo muda wote. Kwenye kumbukumbu yangu yule msichana yuko gizani amepiga magoti, anaomba afunguliwe, picha naiona kabisa. Jamaa akaniambia hapana bwana, hakupiga magoti, aliitwa Magoti, ndo jina lake, ndo maana na sisi tukamwita yule binti wa jirani Magoti. Nikakumbuka kila kitu. Kulikuwa na binti mtaani kwetu wazazi wake walihamia kutoka Arusha, akawa anatuambia kwao asubuhi ukiongea mdomo unatoa moshi, sisi tunamwambia muongo mkubwa wewe, mdomo utoe moshi una jiko? Tukampachika Magoti na likamganda mpaka walivyohama. Kuja kufika Iringa mwenyewe mwezi wa sita na kuuona moshi unatoka mdomoni kwangu nilishakuwa na ndevu.

"Na walimfungia chooni," jamaa akaongeza. Nikasema stoo. Akasema chooni. Tukabishana vocha ikakata.

Usiku nikakaa na kalamu. Kaka alikuwa anasoma majina ya Kizungu kama yalivyoandikwa na anayamalizia irabu, kwa hiyo Magoti ni nini? Nikaandika Magot, Maggott, Margott, Margot. Hilo la mwisho nikaliingiza pamoja na mvua, jua na kufungiwa. Likaja la kwanza kabisa, haikuchukua hata sekunde. All Summer in a Day, ya Ray Bradbury, Mmarekani, ilitoka 1954 kwenye jarida la The Magazine of Fantasy and Science Fiction. 1954 ndo mwaka ambao ujenzi wa bandari yetu ya Mtwara ulikamilika, sijui kwa nini hilo lilinifurahisha, lakini lilinifurahisha.

Niliisoma nimesimama jikoni. Ni fupi, kurasa chache tu. Na Zuhura sio mama mwenye nyumba, Zuhura ni ile sayari, ile nyota kubwa inayotangulia kuwaka juu ya bahari jioni. Watu wa dunia wamehamia kule, wanaishi chini ya ardhi, ARDHI, sio bahari, bahari niliiweka mimi mtoto wa pwani. Mvua miaka saba, sio siku saba, jua linatoka kwa muda mfupi halafu miaka mingine saba. Watoto wana miaka tisa, walivyoliona mara ya mwisho walikuwa na miaka miwili, hakuna anayekumbuka, isipokuwa Margot, ambaye alikuja kutoka Ohio ana miaka minne na analikumbuka jua vizuri. Anasema ni kama senti. Hilo neno la senti nililiona nikatabasamu, kwa sababu kaka alilitafsiri hivyo hivyo na sisi hatujawahi kuishika senti, shilingi ishirini ndo ilikuwa ndogo kuliko zote mifukoni mwetu, kwa hiyo jua lake na sisi hatukulielewa kama wale watoto wenyewe.

Mengine nilikuwa nayo sawasawa mpaka nikashangaa. Ule msitu usioona jua, rangi ya mpira na majivu, watoto wanajilaza juu yake unabonyea kama godoro. Pale msichana anapokataa kuoga bombani anapiga kelele maji yasimguse kichwani. Tone moja kubwa la mvua linadondoka kwenye kiganja cha mtoto mmoja, anakinyoosha anawaonyesha wenzake, analia. Hilo tone nimetembea nalo miaka yote hii na hata nilivyolisoma kwa Kiingereza halikuongezeka wala kupungua.

Na kule alikofungiwa kwa Kiingereza ni "closet", chumba kidogo cha kuwekea vitu. Kaka alikuwa na kamusi ya mfukoni ya hovyo, naona alikuta ile maana nyingine. Kwa hiyo jamaa yangu alikuwa sahihi, kwetu sisi alifungiwa chooni, mi ndo nilikuja kumhamishia stoo ukubwani kwa ustaarabu.

Kuna mtu atasema mbona Zuhura hakuna mvua. Ni kweli haipo. Bradbury alipoandika watu walikuwa wanaona mawingu tu, sayari nzima imefunikwa gubigubi, na wengi wakaotea kwamba palipo na mawingu mazito hivyo chini kuna maji. Desemba 1962 chombo cha Marekani, Mariner 2, kikapita karibu kikaonyesha kwamba kule ni tanuru, halafu 1970 Warusi wakatua na Venera 7. Joto la juu ya ardhi yake ni zaidi ya nyuzi 460, madini ya risasi yanayeyuka yakawa uji. Mawingu yenyewe ni ya asidi ya salfa, na mvua yake inakauka hewani kabla haijagusa chini. Mi hainisumbui. Kinachonichekesha ni kitu kingine, kwamba hadithi ya watu wanaolililia jua ilinikamata mtoto wa Mtwara, ambako kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi na moja jua tunalikimbia chini ya mikorosho. Ila 1998 ilikuwa na mvua zake. Labda mwaka mwingine ningeitupa na maganda.

Nikafika mwisho. Wanakumbuka, wanaangaliana, wanashindwa kuangaliana, wanatembea polepole mpaka mlangoni. Wanafungua, wanamtoa Margot.

Basi. Hapo ndo imeisha. Hakuna neno. Ukurasa ambao tulimaliza karanga za watu kuutafuta ulikuwa na mistari michache tu na ndani yake hakuna mtu anayesema chochote. Nikarudia kusoma, nikatafuta nakala nyingine nikijua hii imekatwa, nayo inaishia hapo hapo. Nikakuta kwamba 1982 Wamarekani waliitengenezea filamu fupi ya televisheni, na mle watoto wanampa Margot maua waliyochuma juani, yaani na wao uvumilivu uliwashinda.

Nikampigia jamaa wa Masasi. Yeye anakumbuka kwamba Magoti alitoka akamzaba kibao yule mvulana aliyeongoza wenzake, na hataki kusikia habari za Bradbury. "Huyo kakosea," akasema, "mi nilisikia kwa masikio yangu."

Mimi maneno, yeye kibao. Aliyetusomea ni mmoja. Nikampigia kaka, siku hizi ni fundi umeme Lindi, ana wajukuu wawili. Shikamoo kaka, marahaba, nikamweleza yote, Somanga, maktaba, Margot. Akawa kimya nikadhani mtandao umekata.

"Nyie mlikuwa mnanisumbua usiku," akasema. "Kila siku, kaka alitoka akafanyaje, kaka alitoka akafanyaje. Mwenzio alikuja akalala kwetu siku hiyo analia kabisa, nikamwambia alimpiga yule mvulana kibao, akaridhika akalala."

Na mimi uliniambia alisemaje?

"Wewe kibao ulikikataa. Ukasema mtu hawezi kupiga akiwa ametoka gizani, haoni. Ukataka aseme. Nikakwambia haya, Magoti akatoka, akawaangalia mmoja mmoja, akafungua mdomo akasema..." Kaka akaanza kucheka. "Nilikuwa bado nafikiria aseme nini. Kukuangalia, ushalala."

Juzi nikamsomea binti yangu kwenye simu, kutoka mwanzo, natafsiri huku nasitasita kama kaka. Margot nikamwita Magoti. Nilipofika kwenye "closet" nikawaza kidogo, nikasema choo. Nikamaliza, wanafungua mlango, wanamtoa. Hakuuliza. Akachukua simu mkononi mwangu akaanza kusukuma skrini kwa kidole gumba, anashuka, anashuka, anatafuta kama kuna chini zaidi, mpaka akakutana na tangazo la viatu.